Gramu na Kumbukumbu Iliyokwenda Chini ya Kiwango

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, na sokoni hakuna aliyelijua jina lake. Walimwita Gramu, basi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mkoba wa ngozi ambamo mawe ya shaba ya kupimia yaligongana kila alipopiga hatua. Akichungulia tu kwenye kona ya soko, miluzi ilianza kupokezana kibanda kwa kibanda. Wauza nyama waliondoa vidole kwenye sinia. Wauza vitambaa walikumbuka ghafla kwamba rula zao zimevunjika ncha. Yeye hakufoka, hakutisha, na hakupokea hata glasi ya maji. Aliweka jiwe lake, akasubiri mshale utulie, akasoma, akaandika. Mizani ikiwa sawa, aliipiga muhuri. Isipokuwa sawa, aliifunga kwa waya na lakiri, na mwenye mizani hata angelia machozi ya damu, waya haukufunguka.

Alipostaafu, ofisi ilimuaga kwa hotuba mbili na jiwe la shaba la gramu mia tano ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu. Mkewe alidhani sasa mume atapumzika. Lakini ukaguzi hauvuliwi kama koti. Wiki ya kwanza alipima mkate wa duka la jirani, akakuta umepungua gramu kumi na nne. Kuanzia siku hiyo mwoka mikate akimwona anakuja alianza kujitetea hata kabla ya salamu. Wiki ya pili aligundua kwamba kitanda chao cha futi sita kina futi tano na inchi kumi na moja. Jambo hilo alikaa nalo moyoni siku tatu, halafu akamwambia mkewe kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Baba Pacha," mkewe akamjibu, "kitanda hicho tumekilalia miaka ishirini na sita. Umewahi kudondoka?"

"Si suala la kudondoka. Ni suala la kilichoandikwa."

Mkewe alikuwa mkunga, naye amestaafu, mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini na subira ya mtu aliyewaambia wanawake elfu kadhaa wasisukume kwanza. Pacha wao walikuwa watu wazima sasa, kila mmoja na mji wake, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili na vipimo. Hata methali hazikupona. Mtu akisema haba na haba hujaza kibaba, Gramu alitikisa kichwa. Kibaba si kipimo halali, alisema, kila mtu ana chake.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni mvua. Uani alikuwa na kopo la kupimia mvua, na kila asubuhi saa moja kamili, kwa miaka ishirini na tatu, alisoma kilichoingia na kukiandika daftarini. Pacha walipomnunulia kompyuta, alihamishia madaftari yote humo, jedwali moja refu, kila mwezi na mchoro wake, kila mwaka na rangi zake. Jedwali likanenepa hata mashine ikawa inahema kulifungua. Gramu alichukua saa yake ya kupimia muda akaipima. Dakika moja na sekunde kumi na nane. Akarudia mara tano, akatafuta wastani. Dakika moja na sekunde kumi na nane.

"Inahitaji kumbukumbu zaidi," jirani mmoja akamwambia. "Nenda kwa Mama Spea."

Mama Spea alikuwa na duka jembamba kwenye mtaa wa wachonga funguo na wapiga fotokopi, duka lenye kaunta ya kioo, droo za vipuri hadi darini, na feni moja iliyogeuza shingo kama bundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, bisibisi sikioni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alimuuzia Gramu kisanduku chenye vipande viwili vya memori, hiyo kumbukumbu yenyewe, vyembamba kama rula ya shule, na juu ya kisanduku imeandikwa 3200 kwa tarakimu kubwa.

"Elfu tatu na mia mbili nini?" Gramu akauliza.

"Kasi yake, mzee."

"Kasi ya nini kwa nini? Namba bila kipimo ni uvumi."

"Inahamisha data mara milioni elfu tatu na mia mbili kwa sekunde moja."

Gramu aliandika hilo, akaridhika, akaanza kukikagua kisanduku pande zote sita. Mama Spea akawa anamweleza mambo fulani ya namna ya kuvifunga, lakini Gramu alikuwa anasoma maandishi madogo ya chini na alimsikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani. Alipoulizwa kama afungiwe palepale dukani, alijibu kwamba mkono wake bado hautetemeki.

Na kweli haukutetemeka. Jumanne asubuhi alifungua kifuniko cha mashine mezani kwake, akakuta kipande kimoja cha zamani kimekaa peke yake, na nafasi tatu tupu kando yake. Akavipachika vile vipya viwili kwenye nafasi zilizofuata, kwa mpangilio, kama watu kwenye foleni. Cha zamani alikiacha. Wageni wakija, alifikiri, mwenyeji hafukuzwi.

Mashine ikawaka. Jedwali la mvua likafunguka kwa sekunde ishirini na mbili. Mtu mwingine yeyote angeshukuru, akanywa chai. Gramu alifungua ukurasa unaoonyesha hali ya mashine, akatafuta mstari wa kasi ya memori, akausoma. Akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

2133.

Mkewe, aliyekuwa jikoni, alisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Nimepunjwa!"

"Mkate tena?"

"Mama Pacha, njoo uone kwa macho yako. Nimeuziwa elfu tatu na mia mbili, nimepewa elfu mbili mia moja thelathini na tatu. Theluthi nzima haipo! Katika kila kilo tatu, moja imebaki kwa muuzaji!"

Mkunga alikuja akifuta mikono, akaitazama skrini. "Si imefunguka haraka?"

"Imefunguka."

"Basi tatizo liko wapi? Haraka haraka haina baraka."

"Mimi sitaki haraka," Gramu akasema kwa uchungu. "Nataka elfu tatu na mia mbili."

Siku tatu zilizofuata alizimaliza akiandika barua ya malalamiko yenye vipengele kumi na kimoja. Alikuwa anaiandika ile ya mwisho, safi, isiyo na kufutafuta, simu ilipolia. Alikuwa dada yake mkubwa. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, mwanamke wa miaka sabini na minne, mwenye masikio mazuri na moyo mwepesi kushtuka.

"Mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo, dada, ila kumbukumbu inanisumbua."

"Kumbukumbu? Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Inakwenda theluthi mbili tu."

"Theluthi mbili! Na wifi anasema nini?"

"Anasema nizoee. Anasema hata hivyo inatosha."

"Inatosha?" Sauti ya dada ikapanda. "Umekwenda kwa mtaalamu?"

"Nitakwenda kesho, na barua. Nitamwambia airudishe, au anipe nyingine."

"Usitoke nyumbani," dada akasema, na Gramu akashangaa kusikia kwamba analia. "Usiende popote peke yako. Nakuja."

Alifika kesho yake saa tatu asubuhi, na sanduku la nguo za wiki mbili. Bahati mbaya alimkuta Gramu amelala chini ya meza, tochi mdomoni, anasoma namba zilizobandikwa mgongoni mwa mashine na kuzinong'ona mwenyewe. Dada aliweka sanduku chini taratibu.

"Mdogo wangu. Toka huko. Unanijua mimi?"

Gramu akatoa tochi mdomoni. "Dada, karibu. Mbona hivyo?"

"Jibu. Mimi ni nani?"

"Wewe ni dada yangu."

"Mlango wa nyumba ya marehemu mama ulikuwa na rangi gani?"

"Kijani. Upana futi mbili na inchi nane, na haukufunga vizuri kwa sababu fremu ilikuwa na futi mbili na inchi nane na robo."

Dada akamgeukia mkunga kwa macho yenye machozi. "Ya zamani anayakumbuka," akanong'ona. "Ndivyo inavyoanza. Baba mdogo naye alianza hivihivi."

"Wifi," mkunga akasema, akijikaza asicheke, "ni kompyuta. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo inayokwenda polepole."

"Ndiyo, ndiyo," dada akasema, akimpapasa mkono. "Lazima atafute cha kusingizia. Wewe mvumilie tu."

Kuanzia hapo hapakuwa na maelezo yaliyopenya. Kila Gramu alipofungua kinywa kusema habari ya theluthi iliyopotea, dada alizidi kumsikitikia. Ilipofika saa ya kwenda dukani, mashine imeviringishwa shuka na kuwekwa kwenye kikapu cha magurudumu, dada alitangaza kwamba mdogo wake haendi mjini peke yake hata kwa bunduki. Akavaa viatu vyake vya kutembelea. Wakaondoka wote wawili, Gramu akivuta kikapu, dada amemshika mkono wa shati.

"Tunakwenda wapi?" dada alimuuliza kwenye kila kona, kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto wa chekechea.

"Kwa Mama Spea, dada."

"Na utajuaje kurudi?"

"Ni hatua mia nne na kumi na mbili kutoka kituo cha mafuta. Nimezihesabu."

"Haya," dada akasema, na kumshika kwa nguvu zaidi.

Mama Spea alikuwa anakwangua vumbi kwenye feni ya mashine ya mtu. Aliinua kichwa akamwona mzee mfupi akiingia kifua mbele, na nyuma yake mwanamke mwenye kitambaa cha kufutia machozi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Gramu akajibu, kwa sauti ile ya zamani ya kazini, na mchonga funguo wa jirani aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini. Gramu aliweka juu ya kaunta ya kioo, kitu kimoja baada ya kingine, kisanduku kitupu cha memori, risiti ndani ya bahasha ya nailoni, na barua. Kisha akaweka jiwe la shaba la gramu mia tano juu ya barua, ingawa hapakuwa na upepo.

"Nisome, au utasoma mwenyewe?"

"Soma, mzee."

Akasoma vipengele vyote kumi na kimoja. Cha nne kilihusu heshima ya namba. Cha tisa kilitaja adhabu. Mama Spea alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza, bisibisi sikioni. Dada alitikisa kichwa kwa huzuni, na mara moja alimpa ishara mwenye duka kwa kidole chake kwenye paji la uso, kumaanisha mvumilie, mama, si yeye, ni ugonjwa.

"Mzee," Mama Spea akasema, "risiti uliigeuza?"

"Nimeisoma yote. Tarehe, namba, jina la bidhaa."

"Upande wa nyuma."

Gramu alitoa risiti kwenye bahasha. Miaka thelathini na moja alikuwa amewaambia wakaguzi wachanga kwamba karatasi ina pande mbili. Akaigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa kusomeka vizuri kabisa, palikuwa pameandikwa mistari mitatu. *Toa kipande cha zamani. Weka vipya nafasi ya pili na ya nne. Washa profaili.*

Alisoma mara mbili. Masikio yake yalianza kupata joto kuanzia juu kushuka chini.

"Nilikueleza kwa mdomo," Mama Spea akasema, "nikaona unasoma kisanduku. Nikaona bora niandike."

"Mmh," Gramu akasema.

Wakafungua kifuniko. Mama Spea alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi kile kipande cha zamani kilichokaa mbele ya wenzake. "Huyu mzee wa nyumba, mwendo wake ni huu wa elfu mbili na mia moja. Memori hutembea pamoja. Wakiwa watatu na mmoja anachechemea kwa jongo, wote wanatembea kwa jongo."

Dada, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa na historia, aliitikia kwamba hilo ni kweli.

Kile cha zamani kikatolewa. Vipya vikahamishwa, kimoja nafasi ya pili, kingine ya nne, kwa sababu, Mama Spea alieleza, mashine ina njia mbili za kupitishia data, na ukivipanga vibaya vyote vinabanana njia moja huku nyingine ikiota majani. Kisha akaiwasha. "Sasa bonyeza hicho kitufe cha kufuta, mzee, bonyezabonyeza."

"Kitufe cha kufuta?" Gramu akarudisha mkono. "Miaka ishirini na tatu ya mvua imo humu!"

"Hakifuti kitu saa hii. Kinafungua mlango wa mipangilio tu."

Akabonyeza amefumba jicho moja. Ukafunguka ukurasa mweusi wenye maandishi mengi, na pale juu, kasi ya memori: 2133 vilevile.

"Umeona!" Gramu akafufuka. "Kipande cha zamani hakipo, na bado!"

"Bado, kwa sababu hakuna aliyeviambia hivi vipya. Kiwanda kinatengeneza memori iweze elfu tatu na mia mbili, lakini hakijui itapelekwa kwenye mashine gani. Kwa hiyo ikiwekwa mahali pageni inaanza polepole, mwendo ambao haumshindi mwenyeji yeyote. Mwendo wake kamili umeandikwa ndani yake, kwenye profaili. Unasubiri mpaka mwenye mashine aseme, washa."

"Kwa hiyo uwezo upo."

"Upo."

"Ila imeachwa chini ya kiwango kwa adabu."

"Kwa adabu, mzee. Umesema vizuri kuliko mimi."

Gramu alikaa na jambo hilo kidogo. Katika kazi yake alikuwa amekutana na kila aina ya mizani: yenye sumaku chini, yenye risasi ndani ya sinia, yenye kamba inayovutwa kwa kidole cha mguu. Yenye adabu hakuwahi kukutana nayo. Akaelekezwa neno la kuchagua, akalichagua, akahifadhi. Mashine ikajizima.

Ikakaa kimya. Kisha feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi ti. Ikajizima tena.

"Umeiua," dada akasema.

Gramu alipauka. Aliona mvua yote ya miaka ishirini na tatu ikimwagika chini na kunywewa na saruji. Feni ikazunguka mara ya pili. Giza. Ikajizima.

"Tulieni," Mama Spea akasema, akivuta stuli akakaa. "Inajifunza mwendo mpya. Inajaribu, inaona kama miguu inafika. Ikishindwa itarudi yenyewe kule kwa zamani, haiharibiki kitu."

Gramu alitoa saa yake ya kupimia muda, si kwa sababu ilikuwa na haja, bali kwa sababu mikono yake ilitaka cha kushika. Sekunde ishirini. Arobaini. Mchonga funguo alikuwa ameingia ndani kabisa sasa, na mpiga fotokopi nyuma yake. Sekunde hamsini na tatu. Skrini ikawaka buluu, ikaleta picha ya kopo la mvua ambayo Gramu aliiweka mwenyewe, na dada akapiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Mama Spea alifungua programu yake ya kupimia, ile anayoiamini, na kusogea pembeni mteja asome. Gramu akainama. Palikuwa pameandikwa 1596.

Kisha Gramu akaunyoosha mgongo wake wote, ule uliokuwa ukinyooshwa zamani mbele ya wauza nyama.

"Nusu," akasema. "Nilikuja na theluthi mbili, naondoka na nusu!"

"Mzee—"

"Nusu, mama! Angalau ile ya kwanza ilikuwa na aibu!"

"Mzee, naomba nikuulize," Mama Spea akasema bila kupandisha sauti. "Mchukuzi akienda ghalani na gunia begani, na akirudi akaja na gunia jingine, amefanya safari ngapi?"

"Moja. Kwenda na kurudi."

"Na magunia?"

Gramu akaitazama tena ile namba. "Mawili."

"Programu hii inahesabu safari. Kisanduku kinahesabu magunia. Memori hizi hubeba kwenda na hubeba kurudi, hazirudi mikono mitupu."

Gramu aliomba kalamu. Kwenye ukingo wa barua yake ya malalamiko alizidisha kwa mbili, taratibu, kama mtu asiyetaka kudanganywa na mkono wake mwenyewe. Elfu tatu mia moja tisini na mbili.

"Zimepungua nane," akasema.

Mpiga fotokopi akaguna. Mama Spea, kwa mara ya kwanza siku ile, alionekana kuchoka. Lakini Gramu alikuwa bado anaandika. Nane katika elfu tatu na mia mbili ni moja katika mia nne. Akaweka kalamu chini, na uso wake ukalainika kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Mzigo wa kilo mbili," akasema, "mizani ikikosea gramu tano, nilikuwa naipitisha. Gramu tano katika kilo mbili ni moja katika mia nne. Hakuna mizani duniani isiyokosea kabisa, kuna inayokosea ndani ya ruhusa. Hii imepita."

Kisha likaja gumu. Katika kazi yake yote hakuwahi kuandika barua ya kuomba radhi, na fomu yake haikuwepo. Alifikiri, akaivuta barua ya malalamiko, akaanza kukifuta kipengele cha kwanza kwa mstari ulionyooka, akatia sahihi ndogo kando. Cha pili, mstari, sahihi. Cha tatu. Watu wote walisubiri. Cha nne, kile cha heshima ya namba, alikitazama sana, akakifuta nusu. Alipomaliza cha kumi na moja alimsogezea Mama Spea karatasi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Karatasi ina pande mbili, na mimi nimesoma mmoja."

"Yameisha, mzee," Mama Spea akasema. Akasita. "Hunikumbuki, sivyo?"

Dada alishtuka, akamshika Gramu mkono wa shati upya.

"Mama yangu aliuza nafaka," Mama Spea akaendelea. "Mlango wa nyuma wa soko, karibu na bomba. Ulimfungia mizani. Nilikuwa darasa la sita."

Gramu alimtazama, kisha akatazama dari, na macho yake yakawa kama ya mtu anayesoma daftari lililo mbali. "Mizani ya sinia mbili," akasema polepole. "Ya rangi ya kijivu. Mkono wa upande wa nafaka ulikuwa mfupi kwa milimita tatu. Ilikuwa haiwapunji wateja. Iliwapunja ninyi. Kila kilo mliyouza, mlikuwa mnatoa gramu thelathini bure."

"Siku tatu tulikaa hatuuzi. Mama alikulaani siku zote tatu."

"Ninajua. Nilimsikia."

"Mizani iliporudi, mwisho wa mwezi tukabakiwa na magunia mawili ambayo Mama hakujua yametoka wapi. Baada ya hapo alikuombea mpaka alipokufa."

Gramu alilichukua jiwe lake la shaba, akalifuta kwa kiganja, ingawa lilikuwa safi. Dada alikuwa anawatazama kwa zamu, mdogo wake na mwenye duka, na kitu kilikuwa kinafunguka usoni mwake pole pole.

"Milimita tatu," akasema. "Miaka yote hiyo, anakumbuka milimita tatu."

"Na rangi, mama," Mama Spea akasema.

"Basi hana ugonjwa wowote, mshenzi huyu!" Na hapohapo, mbele ya mchonga funguo na mpiga fotokopi, dada alimpiga Gramu kofi la mgongoni, la upendo lakini lenye uzito wake, kwa kumlaza macho usiku kucha bure.

Nyumbani waliifunga mashine mahali pake, na mkunga akaitwa aje ashuhudie. Gramu alishika saa, akafungua jedwali la mvua, wote watatu wakainama kuelekea skrini. Lilifunguka kwa sekunde ishirini na moja.

"Jumanne ilikuwa ngapi?" mkunga akauliza.

"Ishirini na mbili."

"Kwa hiyo siku nne, barua, wifi kusafiri na sanduku, mtaa mzima wa funguo kusimama kazi—"

"Sekunde moja," Gramu akakiri.

Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka kicheko cha wodini, kile cha asubuhi baada ya kazi ngumu iliyokwenda vizuri, na dada akaambukizwa, na mwishowe Gramu mwenyewe akajikuta mabega yanamtikisika, ingawa alisema, akifuta miwani, kwamba sekunde hiyo ni yake na ameilipia.

Dada alikaa wiki zake mbili zote, kwa kuwa nguo alishazileta. Kule kwao aliporudi aliwaambia watu kwamba mdogo wake alipata shida ya kumbukumbu, akapelekwa kwa mwanamke mmoja hodari mwenye bisibisi, na sasa yuko sawa kuliko mwanzo. Maelezo zaidi hakutoa.

Gramu alianza kupita dukani kwa Mama Spea kila Alhamisi, mwanzoni eti kusalimia. Alikaa kwenye stuli mwisho wa kaunta, na mteja akinunua memori, Gramu alimwomba asome maandishi ya nyuma ya risiti kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla hajaondoka. Wateja wengine walikasirika. Mama Spea alisema malalamiko yamepungua, akamwachia stuli.

Nyumbani mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuitarajia. Mkunga, aliyekuwa hajawahi kuigusa kompyuta, siku moja alikaa mbele yake na daftari lake la zamani la kliniki. Alitaka kuwaandika watoto wote aliowazalisha, alisema, maadamu mashine sasa ina kumbukumbu ya kutosha: tarehe, saa, uzito, wa kike au wa kiume, na neno moja la kukumbukia. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano mkekani. Kwa saa nzima alipata watoto wanne.

Gramu alisimama nyuma ya kiti. Alijizuia sana. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni, na saa ikalia ti.

"Baba Pacha," mkunga akasema bila kugeuka.

"Naam."

"Unanipima?"

"Kidogo tu. Nilitaka kujua wastani."

"Toka nje."

Akatoka. Juu mawingu yalikuwa yanajikusanya, na kwenye kamba nguo zilianza kupepea. Alizianua zote, akazikunja vizuri, akakaa kizingitini amezipakata magotini, akimsikiliza mkewe ndani akibonyeza herufi moja, akinyamaza, akicheka peke yake kwa jambo alilolikumbuka, akibonyeza nyingine.